Msamaha uliomponza Gavana Altgeld

MAKALA MAALUMU

Jumatatu, Juni 26, 1893, karani kijana wa serikali ya jimbo la Illinois nchini Marekani, Brand Whitlock, aliagizwa aandae hati tatu za msamaha, na asimwambie mtu. Alipomaliza alizipeleka ofisini kwa Gavana mjini Springfield. Humo alimkuta mwenye benki wa Chicago, Edward Dreyer, akisubiri.

Dreyer hakuwa mgeni katika jambo lile. Miaka saba nyuma alikuwamo katika baraza la wananchi lililoamua kwamba wanaume wanane wa Chicago washitakiwe kwa mauaji. Baadaye dhamiri ilimsuta, akawa miongoni mwa waliokuwa wakihangaika kuwaombea waliobaki hai. Sasa Gavana John Peter Altgeld alimkabidhi hati zile azipeleke mwenyewe gerezani Joliet. Whitlock, ambaye baadaye alikuwa meya wa Toledo na mwandishi wa vitabu, alisimulia kwamba mwenye benki yule alitaka kushukuru, maneno yakamkwama, akalia.

Siku hiyohiyo Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe walitoka gerezani. Kilichobaki ni Gavana kulipa gharama.

Mtoto wa wahamiaji

Altgeld alizaliwa Desemba 30, 1847 katika kijiji cha Niederselters, Ujerumani. Alikuwa na miezi mitatu tu wazazi wake walipovuka naye bahari, wakaenda kulima karibu na Mansfield, jimbo la Ohio. Shule aliisoma kwa vipindi, mkono mmoja kitabu, mkono mwingine jembe.

Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Huko Virginia alipata homa iliyomwandama maisha yake yote. Baada ya vita alifundisha shule, kisha akaelekea magharibi, akafanya kibarua cha kujenga reli Arkansas, homa ikamwangusha tena. Alifika Missouri hana kitu. Alijisomea sheria, na mwaka 1874 akachaguliwa kuwa mwendesha mashitaka wa Kaunti ya Andrew. Mwaka uliofuata akahamia Chicago.

Jiji lilikuwa linajengwa upya baada ya moto mkubwa wa 1871, na bei ya ardhi ilikuwa inapanda. Wakili Altgeld alinunua viwanja, akajenga, akauza, akanunua tena. Akawa tajiri, mwenye jengo lake la ghorofa 16, Unity Building, katikati ya jiji. Hilo msomaji alishike, maana maadui zake walikuja kumwita adui wa mali.

Mwaka 1884 alichapisha kitabu kidogo kuhusu magereza ya Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba jela hazipunguzi wahalifu bali zinawazalisha, na kwamba wengi wanaojazana humo kosa lao kubwa ni kukosa pesa ya faini. Nakala moja ilimfikia wakili kijana wa mji mdogo wa Ohio, Clarence Darrow. Alipohamia Chicago, mtu aliyemtafuta ni mwandishi wa kitabu kile. Darrow alikuja kuwa wakili mashuhuri kuliko wote Marekani.

Kutoka 1886 hadi 1891 Altgeld alikuwa jaji wa Kaunti ya Cook. Kwa maana hiyo, wakati rufaa ya kesi kubwa kuliko zote za Chicago inasikilizwa na watu wananyongwa, yeye alikuwa jaji katika jiji hilohilo. Hakusema neno hadharani. Wasifu mwingi wa kumsifu hupita hapo haraka.

Usiku wa Haymarket

Mei 1, 1886, maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Chicago ndiyo ilikuwa kitovu. Mei 3, polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha mashine za kuvunia cha McCormick. Kesho yake usiku ukaitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo katika uwanja wa Haymarket.

Meya wa jiji, Carter Harrison, alihudhuria, akasikiliza, akaona mambo shwari, akaenda zake nyumbani. Mvua ilianza kunyunya na watu wakaanza kutawanyika. Walibaki mia chache. Fielden alikuwa juu ya mkokoteni akimalizia hotuba yake, ndipo kikosi cha polisi kikaingia kikiongozwa na Inspekta John Bonfield na kuamuru watu watawanyike. Ghafla likarushwa bomu. Polisi wakafyatua bastola gizani, nao baadhi yao wakapigwa na risasi za wenzao.

Maofisa saba wa polisi walikufa. Raia waliokufa walikuwa wanne au zaidi.

Aliyerusha bomu hakupatikana. Wakakamatwa wanane waliojulikana kwa siasa zao: walikuwa waanakisti, watu wanaoamini binadamu anaweza kuishi bila serikali, na magazeti yao kwa kweli yalikuwa yameandika maneno makali kuhusu baruti. Lakini bomu lilipolipuka, ni wawili tu kati yao waliokuwa pale mkokotenini, Fielden na August Spies. Schwab alikwishaondoka. Albert Parsons na Adolph Fischer walikuwa katika baa ya jirani. George Engel alikuwa nyumbani akicheza karata. Louis Lingg hakuwepo, na Neebe hakukanyaga Haymarket siku hiyo.

> Aliyerusha bomu hakupatikana. Wakakamatwa wanane waliojulikana kwa siasa zao.

Saba wakahukumiwa kunyongwa, Neebe akapewa miaka 15. Novemba 10, 1887 Lingg alijiua selo, na siku hiyohiyo Gavana wa wakati huo, Richard Oglesby, akawabadilishia Fielden na Schwab adhabu iwe kifungo cha maisha. Kesho yake Spies, Parsons, Fischer na Engel wakanyongwa.

Mkutano wa kimataifa wa vyama vya kisoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889 uliichagua Mei 1 kuwa siku ya wafanyakazi kudai saa nane. Ndiyo Mei Mosi tunayoandamana nayo Dar es Salaam na Nairobi, na viongozi wa vyama vyetu wanapodai nyongeza ya mishahara jukwaani, wamesimama juu ya mgomo wa Chicago. Marekani yenyewe inaadhimisha siku yake ya wafanyakazi mwezi Septemba.

Huruma ilikuwa mezani

Altgeld aliapishwa Januari 1893, akiwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kuimaliza hotuba yake. Alikuwa gavana wa kwanza wa Illinois aliyezaliwa nje ya Marekani, na wa kwanza kutoka chama cha Democratic tangu miaka ya 1850. Maombi ya kuwaachia wafungwa watatu yalikuwa yanamngoja, yana maelfu ya sahihi, na ndani yake yalikuwamo majina ya watu wakubwa wa biashara.

Watu hao wakubwa walikuwa na njia rahisi ya kumpa. Aseme kwamba wafungwa wameadhibiwa vya kutosha, miaka saba si haba, na serikali ina moyo wa kusamehe. Angetoa msamaha wa namna hiyo, kelele zingekuwepo wiki mbili tatu, kisha zingezimika. Nasi Afrika Mashariki tunaufahamu msamaha wa namna hiyo: hutolewa na Rais siku ya sikukuu ya taifa kwa wazee, wagonjwa na waliobakiza muda mfupi, na hakuna anayeuliza kama hukumu ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Altgeld aliuliza. Aliagiza majalada yote ya kesi, akayasoma miezi kadhaa, huku Darrow na wenzake wakimlaumu kwa kuchelewa. Alipomaliza, aliandika waraka wa maneno kama 18,000. Ndani yake alisema kwamba kama watu hawa wangekuwa na hatia, hana sababu ya kuwaachia. Anawaachia kwa kuwa kesi haikuwa kesi.

Kwanza ni jinsi wazee kumi na wawili wa juri walivyopatikana. Badala ya kuchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kama ilivyokuwa kawaida, jaji Joseph Gary alimteua ofisa maalumu, Henry Ryce, akawatafute mitaani. Watu 981 walihojiwa. Altgeld alinukuu kiapo cha shahidi aliyedai kumsikia Ryce akijigamba kwamba anawaleta watu ambao mawakili wa utetezi watalazimika kuwakataa hadi nafasi zao za kukataa ziishe, na kwamba washitakiwa watanyongwa tu.

Wapo waliokiri mbele ya jaji kwamba tayari wana chuki na washitakiwa, na jaji akawapitisha.

Pili, ushahidi. Upande wa mashitaka haukuweza kumtaja aliyerusha bomu, sembuse kuonyesha kwamba aliwahi kuzisoma au kuzisikia kauli za washitakiwa. Kuhusu Neebe hapakuwa na kitu kabisa.

Tatu, polisi. Hapo ndipo Gavana alipotia chumvi kwenye kidonda. Aliandika kwamba aliyerusha bomu huenda alikuwa mtu aliyekuwa akilipiza kisasi cha vipigo vya Bonfield na vijana wake. Akamnukuu aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji, Frederick Ebersold, ambaye mwaka 1889 alikwishaliambia gazeti kwamba Kapteni Michael Schaack alitaka kuanzisha vikundi vya waanakisti yeye mwenyewe, ili joto lisishuke. Mwisho akamgeukia Jaji Gary kwa jina, akasema aliiendesha kesi kwa upendeleo na ukali uliopita kiasi.

> Angetoa msamaha wa huruma, kelele zingezimika. Yeye aliandika sababu.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, wafungwa watatu kuachiwa lilikuwa jambo dogo. Waraka ndio uliokuwa bomu la pili. Msamaha wa huruma ungewaacha jaji, polisi, juri na wahariri waliowashangilia wakiwa na heshima zao. Waraka uliwavua nguo mchana kweupe, ukawaambia kwamba wanne waliokuwa makaburini waliuawa na dola bila kesi ya haki.

Wahariri wampandia

Kesho yake asubuhi Whitlock alikutana na Gavana akiwa juu ya farasi, akamwambia kwamba sasa dhoruba itavuma. Altgeld alimjibu kwa utulivu kwamba alikwishajiandaa, na kwamba alichofanya ni haki tu.

Ikavuma kweli. *Chicago Tribune* ilimkumbusha kwamba hana tone la damu ya Kimarekani. Vikaragosi vya magazeti vilimchora akiwa na mwenge na kisu. Sanamu zake za majani zilichomwa moto. Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais, alimshambulia kwa jina jukwaani Chicago mwaka 1896.

Si hoja zote za wapinzani zilikuwa matusi. Walisema Mahakama Kuu ya Illinois ilikwishaipitia hukumu ile mwaka 1887 na kuikubali, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuiingilia. Gavana amepewa mamlaka ya kusamehe, hakupewa ya kuwa mahakama ya rufaa. Walisema familia za polisi waliokufa hazikukumbukwa ipasavyo. Na walisema Altgeld alikuwa na kinyongo na Gary kutokana na kesi yake mwenyewe ya mali dhidi ya jiji.

Mjadala haujaisha hata leo. Mwanahistoria Paul Avrich, katika kitabu chake cha 1984, aliiona kesi kuwa dhuluma. Timothy Messer-Kruse, mwaka 2011, alirudi kwenye kumbukumbu za mahakama akahitimisha kwamba kwa viwango vya wakati ule kesi iliendeshwa sawasawa, na kwamba baadhi ya washitakiwa walihusika kweli na mabomu. Kuhusu Lingg hoja hiyo ina uzito: mabomu alikuwa anatengeneza. Kuhusu Neebe, bado sijaona maelezo yanayoshibisha.

Wanawake, watoto na wenye tramu

Kelele za msamaha zimefunika kazi nyingine ya utawala wake. Mwaka 1893 Illinois ilipitisha sheria ya viwanda iliyokataza kuajiri watoto chini ya miaka 14 na kuweka kikomo cha saa nane kwa wanawake. Kuisimamia, Altgeld alimteua Florence Kelley, mwanamke, kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Hapakuwahi kuwa na mwanamke katika cheo kama hicho kwenye jimbo lolote.

Kelley alikuwa akiishi Hull House, nyumba ya huduma ya Jane Addams, katikati ya mitaa ya wahamiaji. Aliingia vyumba ambamo familia nzima hushona nguo za kuuza usiku na mchana. Ndui ilipolipuka Chicago alikuta nguo zikishonwa katika nyumba zenye wagonjwa, tayari kupelekwa madukani. Mwendesha mashitaka wa kaunti alipokataa kumshughulikia tajiri mmoja mvunja sheria, Kelley hakubishana naye. Alijiandikisha chuo kikuu cha Northwestern akasoma sheria, akapata shahada, akazipeleka kesi zake mwenyewe.

Matajiri wa viwanda nao walikwenda mahakamani, na mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Illinois ikaifuta saa nane kwa hoja kwamba inamnyang'anya mwanamke uhuru wa kuingia mkataba autakao. Mtu anayeshona saa kumi na nne kwa senti chache ana uhuru gani wa mkataba, jaji hakueleza.

Altgeld pia alileta utaratibu wa parole magerezani na kodi ya mirathi, na alikipa nguvu Chuo Kikuu cha Illinois. Na mwaka 1895 alikataa kutia saini miswada ambayo ingempa Charles Yerkes, mfalme wa tramu za Chicago, haki ya barabara za jiji kwa miongo mingi. Inasimuliwa kwamba aliwekewa dola 500,000 ili atie saini. Wakati huo anguko la uchumi la 1893 lilikuwa limekwishaanza kuitafuna mali yake, na jengo lake la ghorofa 16 lilikuwa linaelemewa na madeni.

Askari wasioombwa

Juni 26, 1894, mwaka mmoja kamili baada ya msamaha, chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kilianza kususia treni zenye mabehewa ya kampuni ya Pullman. Kampuni ilikuwa imekata mishahara lakini kodi za nyumba zake walizopanga wafanyakazi haikuzigusa. Treni zikakwama nchi nzima.

Rais Grover Cleveland, wa chama kimoja na Altgeld, alituma jeshi la shirikisho Chicago bila kuombwa na Gavana. Mwanasheria Mkuu wake, Richard Olney, alikuwa wakili wa mashirika ya reli. Julai 5 Altgeld alimpelekea Rais telegramu ndefu ya kupinga. Jimbo lina askari wake, alisema, wako tayari, na hakuna ofisa yeyote wa Chicago aliyewaomba. Alikuwa anasema kweli, maana mahali pengine alikuwa amewatuma, hata dhidi ya wagomaji. Cleveland alijibu kwa kifupi kwamba anailinda posta na biashara ya kati ya majimbo. Debs alifungwa miezi sita, na Mahakama Kuu ya Marekani ikasimama na Rais.

Mwezi Agosti Gavana alikwenda mwenyewe katika mji wa Pullman, akapita nyumba kwa nyumba. Aliona njaa. Aliiandikia kampuni iwasaidie watu wake, haikusaidia. Akatoa wito kwa wananchi wa Illinois wachange chakula.

Sanduku la kura

Mkutano mkuu wa Democratic wa 1896 ulifanyika Chicago, na humo Altgeld alimlipa Cleveland. Wajumbe walipitisha ilani iliyolaani serikali kuendesha mambo kwa amri za zuio za mahakama, na kumteua William Jennings Bryan kuwa mgombea urais. Altgeld mwenyewe hakuweza kugombea urais, Katiba haimruhusu mzaliwa wa nje.

Novemba wote wawili walishindwa, ingawa Illinois Altgeld alipata kura nyingi kuliko Bryan. Mshindi, John Tanner wa Republican, alimnyima hata nafasi ya kutoa hotuba ya kuaga iliyokuwa desturi. Kelley akaondolewa. Unity Building ikaenda. Mwaka 1899 Altgeld aligombea umeya wa Chicago nje ya chama chake, akashindwa vibaya. Mwishowe ni Darrow aliyempa meza katika ofisi yake ya uwakili.

Machi 11, 1902 alikuwa Joliet, mji uleule wa gereza, akihutubia kuwatetea Makaburu dhidi ya Waingereza. Alipomaliza alianguka, akafariki asubuhi yake. Alikuwa na miaka 54. Maelfu walipanga foleni kuuaga mwili, na waliozungumza mazishini ni Darrow na Jane Addams.

Chicago ya leo

Kusini mwa jiji kuna kota za umma zilizojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za Weusi. Zinaitwa Altgeld Gardens. Miaka ya 1980 kijana mmoja mhamasishaji alipita humo akiwaunganisha akina mama wadai asibesto iondolewe nyumbani mwao. Jina lake Barack Obama, mtoto wa Mzee Obama wa Kogelo, Siaya.

Chicago haijakubaliana bado nani wa kukumbukwa. Sanamu ya polisi wa Haymarket iliyozinduliwa 1889 ililipuliwa mwaka 1969, ikatengenezwa, ikalipuliwa tena 1970. Leo iko katika makao makuu ya polisi. Mnara wa walionyongwa uko makaburini Forest Park. Ulizinduliwa Juni 25, 1893, siku moja kabla ya msamaha, na tangu 1997 serikali ya shirikisho inautambua kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Altgeld amezikwa makaburi ya Graceland. Sanamu yake, iliyochongwa na Gutzon Borglum na kuzinduliwa Siku ya Wafanyakazi ya mwaka 1915, iko Lincoln Park, na kuiona hakuna kiingilio.